Maisha ya Mama Mujinga Kalaba, Munganga wa Farasi wa Troti

Papa na mama, ndugu na majirani mliokuja kukaa nasi katika kilio hiki, mimi ni Chola Kalaba, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu Mujinga Kalaba, ambaye wengi wenu mlimwita tu Munganga.

Alizaliwa hapa Lubumbashi, katika mtaa wetu huu, komine ya Kenya, tarehe 19 Juni 1963, mtoto wa kwanza wa Papa Kalaba, fundi wa reli aliyetoka Kasenga, na wa Mama Kunda, na jina la Mujinga alipewa kwa heshima ya jirani yetu mmoja wa Kasai mwenye jina hilo, ambaye alimsaidia mama kujifungua usiku ule kwa kuwa gari la kumpeleka hospitali halikupatikana.

Alisoma shule ya msingi palepale Kenya, akaendelea na sekondari kwa masista, akapata diploma ya serikali mwaka 1982, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Lubumbashi kusomea uganga wa wanyama, na papa alikasirika, maana alitaka mtoto wake atibu watu, lakini siku ya kutangazwa udokta, Julai 1989, ni yeye aliyepiga makofi kuliko wote.

Akiwa bado mwanafunzi, mwaka 1986, walipelekwa kwenye zizi moja upande wa Karavia, na huko ndiko alikoona kwa mara ya kwanza farasi wa troti wa kwetu, wale wafupi, wenye kwato nene, waliotokana na farasi walioachwa na wazungu, wakazaliana hapa hapa mpaka wakazoea mvua zetu na magonjwa yetu, na ambao hukimbia wakivuta kigari chepesi cha magurudumu mawili, bila kuruka, kwa maana anayeruka anatolewa katika mashindano. Tangu siku hiyo hakutaka tena kusikia habari za ng'ombe wala mbwa.

Katika zizi hilo alikutana na Paulin Chisanga, dereva wa vigari vya mbio, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa, wakafunga ndoa tarehe 8 Agosti 1992, Mungu akawapa watoto wawili, Exaucée aliyezaliwa mwaka 1994 na Ariel aliyezaliwa mwaka 1997. Papa Paulin ndiye aliyemfundisha Mupepo, dume jekundu ambalo wazee waliopo hapa wanalikumbuka, ambalo kwa miaka mingi halikushindwa katika uwanja wetu wa njia ya Kinsevere, na kila mwenye farasi jike alitaka mbegu yake, hata ikafika wakati ambapo karibu majike wote wa mji walikuwa mabinti zake au wajukuu zake.

Kuanzia mwaka 2013 watoto wa Mupepo wakaanza kufa, farasi vijana wenye afya, wanaokula vizuri, wanaanguka katikati ya mazoezi na hawaamki tena. Dada alipasua mizoga yao, akapeleka damu ya farasi wote Afrika Kusini, na jibu lilipokuja aliwaeleza wenye farasi kwa upole kwamba Mupepo alibeba ugonjwa wa moyo bila kuugua mwenyewe, kwamba mabinti zake wengi wanaubeba vilevile, na kwamba mtoto anayeupata kwa baba na kwa mama, moyo wake unaweza kusimama wakati wowote wa mbio, kwa hiyo Mupepo asizae tena. Walikataa, na wa kwanza kukataa alikuwa Paulin, bwana yake dada.

Nilikuwa mezani kwao jioni moja ya Agosti 2016, dada alipomwambia: "Paulin, usimufunge tena ule mutoto wa Mupepo kwa kigari. Moyo yake haiko muzuri."

Shemeji akacheka. "Mujinga, anakula, anakimbia, anashinda. Ule moyo mubaya iko wapi?"

"Utauona siku ataanguka."

Jumapili tarehe 14 Agosti 2016 farasi yule alianguka kwenye kona ya mwisho, akiwa mbele ya wenzake, kigari kikapinduka, na Papa Paulin akafa palepale kabla dada hajavuka uwanja.

Baada ya mazishi, dada alimhasi Mupepo yeye mwenyewe, bila kumwita mwenzake wa kazi, akakaa chini kando yake mpaka dawa ya usingizi ilipomtoka. Wako watu waliosema kwamba alifanya hivyo kwa hasira ya mjane, wakaacha kumwita kwenye mazizi yao.

Lakini hakuchoka. Mwaka 2018 alileta madume wawili kutoka Zambia ili damu igeuke, nao walikuwa wazuri, ila hawakuwa na nguvu ya wale wa kwetu mbele ya ugonjwa unaoletwa na vidudu vya majira ya mvua, chanjo nayo ilikuwa imekaa mno mpakani ikapata joto, na Machi 2019 macho yao yakavimba, povu likatoka puani, wakafa wote wawili. Jike mmoja alikuwa tayari na mimba, akazaa Novemba mwaka ule mtoto jike tuliyemwita Furaha, aliyepimwa akakutwa hana ule ugonjwa wa moyo, na aliyeanza kutroti kiwanjani bila kufundishwa, na kwa muda ule tulimwona dada akicheka tena, mpaka mvua za 2021 zilipomchukua Furaha naye kwa ugonjwa uleule uliomuua baba yake.

Farasi wa troti wakabaki majike watatu tu kwa dada, na uwanja uliuzwa mwaka uliofuata, sasa ni mahali pa kuegesha malori ya madini, na Ariel anaendesha moja kati ya malori hayo.

Novemba 2023 dada alianza kuumwa tumbo, akatibiwa hapa, akapelekwa Lusaka, na huko waganga walisema wazi kwamba kansa ilikuwa imefika kwenye ini. Juma lake la mwisho, Exaucée alimshika mkono akamwambia: "Mama, nitaenda Zambia, nitatafuta dume ingine."

Akajibu: "Hapana, mwanangu. Mimi nilitafuta, inatosha. Balebale batatu babakia, ubape majani ya muzuri, ubaache bazeeke."

Alifariki Jumanne tarehe 4 Machi 2025, asubuhi, nyumbani, akiacha watoto wawili, mjukuu mmoja, sisi ndugu zake, na majike watatu wazee ambao hawatazaa tena.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomtunza bila kutudanganya, majirani waliopika na kulala nasi chini, wenzake wa kazi, na hata wale waliomkasirikia, maana leo wamekuja.

Dada Mujinga, Mungu akupokee, nawe upumzike sasa kwa amani.