Neno la Mwisho la Jambazi

Kivuko cha Msangamkuu hakijafika hata katikati ya maji, Mwalimu Glory akawa ameshaacha kusahihisha madaftari ya Kiingereza. Mbele yake kijana mwenye baiskeli na mzee aliyempakata jogoo walikuwa wanabishana, na wala hawakujuana. Ubishi ulikuwa wa filamu moja ya majambazi wapanda farasi. Mwishoni mkubwa wa genge anamkuta rafiki aliyewasaliti, anamwelekezea bunduki, kisha anaishusha na kwenda zake.

"Alimwambia, 'Nenda, lakini nitakufuata,'" alisema kijana. "Mtafsiri wa banda letu la video la Ufukoni hakosei."

"Wa kwetu Mahurunga alisema, 'Nimekusamehe, ndugu yangu,'" mzee akajibu. "Wanawake walilia."

Glory aliinama kuficha tabasamu. Watafsiri hao huongea juu ya sauti za wazungu, na chumvi yote huwa ni ya kwao.

"Sasa mzee wangu, filamu tu hiyo, mbona inakutoa jasho?" kijana aliuliza.

"Kaka yangu anakaa Msangamkuu. Tuligombania mikorosho ya baba, akaniinulia panga, akalishusha, akaondoka. Leo namfuata, na sijui nakwenda kwa kaka au kwa panga." Akageuka, akayatazama madaftari. "Mwalimu, wewe Kiingereza unakijua. Alisema nini hasa yule?"

Glory alikuwa ameiona filamu hiyo bila mtafsiri. "Hakusema kitu, mzee."

Mlango wa kivuko ukashuka kwa kishindo.

"Hata wangu hakusema," alijibu mzee, akamkaza jogoo kifuani, akashuka.