Dume Jekundu la Kisoko

Mwaka ule sukari ilipopotea Uganda, kahawa ya Fatumah pale Busia tuliinywa chungu, kwenye benchi lililotazama njia ya mpakani. Mvua ya alasiri ilikuwa imekatika, na moshi wa jiko ulitambaa chini chini hadi malori yakaonekana kama yanaelea. Tulikuwa wanne: mimi, Sowedi mchinjaji tuliyemwita Kisu, Wahabi dereva wa lori, ambaye jina lake la kijiweni ni Gia, na Mangeni, mfugaji wa Lumino. Dume la Mangeni lilichukuliwa na wanajeshi, likaliwa kambini kwao Tororo. Sasa alitafuta lingine la kupanda ng'ombe wake.

— Nimeona moja kule Kisoko, Mangeni akasema, macho yakiwa mbali. Jekundu. Mgongo kama meza, miguu imenyooka. Halafu iko pole. Unashika pembe, inafumba macho.

— Korodani uliangalia? Kisu akauliza.

— Ziko sawa zote mbili.

— Basi chukua! Ndama zake zitakuwa na mapaja ya kujaza duka langu.

— Na askari wataona hayo mapaja kutoka Tororo, Gia akasema. Wewe tafuta dume jembamba. Nani atakuja na bunduki kuchukua mifupa?

— Dume jembamba litanizalia mifupa, ndugu yangu.

— Chukua kubwa, lipake majivu, lionekane gonjwa, Kisu akasema.

— Na mvua ikinyesha? Mangeni akauliza.

— Basi lifundishe kuvuka! Gia akadakia. Mchana likale majani ya Kenya, jioni lije kwa wake zake Uganda. Askari akiuliza, mwambie huyu ni mgeni tu.

Tulicheka kwa sauti ya chini, kama watu walivyocheka siku zile. Mangeni hakucheka.

— Mimi nimeota, akasema. Ndama wekundu wamejaa bonde lote mpaka ziwani, ukungu unawafika tumboni. Wanakula tu. Hakuna mtu anawafukuza.

Kila mtu akawaona.

Ndipo akaja mwanamke wa makamo, kamba mkononi, dume jekundu nyuma yake. Mangeni akainuka haraka.

— Huyu ni mama Akwi, mwenye dume la Kisoko.

— Nimeambiwa unakaa hapa, Akwi akasema. Mume wangu alilea hii tangu ndama. Sitaki ichinjwe. Nataka izae.

— Itazaa, mama. Na mzee mwenyewe amekubali?

Akwi aliyatazama malori.

— Walimpakia sokoni Tororo. Nyinyi ni watu wa barabara. Lori ya jeshi ikitoka Tororo na watu, inawapeleka wapi?

Gia aliangalia ndani ya kikombe. Kisu akajifuta mikono iliyokuwa mikavu. Fatumah alileta kahawa. Akwi akaishika, hakuinywa.

Mangeni alipokea kamba kwa mikono miwili, akavuta polepole. Dume halikwenda. Lilimgeukia Akwi, likanusa kanga yake, likasimama. Basi Akwi akaweka kikombe chini, akatangulia yeye kwenye njia ya Lumino, na dume likamfuata.