Bango la Karibu na Choo

Benchi letu liko mbele ya jumba la wanafunzi la Chuo Kikuu cha Birch Prairie, upande unaopata jua. Aprili theluji ya mwisho hudondoka kutoka kwenye paa, na anayekaa pembeni humwangukia kisogoni. Tuko wanne na chupa moja ya kahawa. Yupo mama Tanbihi, aliyefundisha historia humo ndani mpaka wakampa saa ya ukutani na kumwonyesha mlango. Hasemi jambo bila kuongeza jingine chini yake. Yupo Jibini, zamani kocha wa mieleka, ambaye hajawahi kukosa hafla yenye chakula cha bure. Yupo mzee Chumvi, jina la kanisani Orville Lindquist, aliyeendesha lori la mji la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani kila majira ya baridi hadi magoti yakamgomea. Na mimi, Funguo, niliyekuwa nikifungua na kufunga majengo yote haya, na leo nikipita hapo nabisha hodi kama mgeni. Siku hiyo chuo kilikuwa na Sikukuu ya Utafiti wa Wanafunzi na Mafunzo ya Ulimwengu. Mabango ya utafiti yanabanduliwa saa sita mchana. Maren, mjukuu wa Chumvi, alikuwa humo ndani amesimama mbele ya bango lake tangu asubuhi. Babu yake alikuwa nje, na sisi, kahawa mkononi.

Jibini akatoka mlangoni amefunika kitu kwa koti.

TANBIHI: Umeingia tena?

JIBINI: Nimeingia kama mdau wa elimu.

TANBIHI: Mdau wa elimu ana makombo kwenye ndevu.

JIBINI: Kula, acha maneno. Utafiti wa mwaka huu umepiga hatua. Mwaka jana jibini ilikuwa ya aina moja tu.

CHUMVI: Kuna watu?

JIBINI: Pamejaa. Na usithubutu kusimama, mzee. Ukisimama tu mbele ya bango, mtoto anakudaka, anakumwagia yote aliyokariri bila kupumua. Akimaliza unasema "kazi nzuri sana", unasogea kwa mwenzake. Huyo naye, "kazi nzuri sana". Nimesema kazi nzuri mpaka taya zinaniuma.

MIMI: Umesoma hata moja?

JIBINI: Funguo, nani anakwenda kule kusoma? Mkuu wa chuo mwenyewe kapita kama anakagua gwaride. "Kazi nzuri, kazi nzuri, kazi nzuri, nani kachukua koti langu?"

TANBIHI: Na wale wa mafunzo ya ulimwengu, waliosafiri nje?

JIBINI: Aa, hao wakubwa! Wamepewa ukumbi wa mbele, chini ya bendera, kila mmoja na kamba ya rangi shingoni, ya tuzo. Kuna kijana wa Duluth kaenda Ureno wiki moja na nusu. Sasa kahawa yetu haimpandi. Kila sentensi ni "sisi kule Lisbon".

TANBIHI: Bango lake linasemaje?

JIBINI: Kwamba Wareno nao ni watu.

CHUMVI: Ebo! Wamethibitisha?

JIBINI: Wana grafu.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Ukishaanza kucheka kwenye benchi lile, kila mtu anataka kumshinda mwenzake.

TANBIHI: Mimi nilikaa humo miaka, nawaambia. Hii sherehe ni ya wafadhili. Wanaletwa, wanaonyeshwa watoto waliovaa vizuri, wanalia kidogo, wanajenga jengo. Na jambo la pili: bango ni lile lile tangu nilipoajiriwa. Wanabadilisha jina tu na rangi ya grafu.

MIMI: Hata safari hakuna! Nyuma ya jengo la biolojia kuna banda la kioo, joto kama nini, lina migomba na vipepeo. Nililifungua kwa mkono huu. Picha zote za msituni zinapigwa mle. Mtoto anavua koti, anapakwa matope, anaambiwa acheke. Kesho kutwa ana mafunzo ya ulimwengu.

JIBINI: Na zile kamba! Kila tuzo kamba. Mwakani mtu atahitimu kamba zimemfika machoni, apandishwe jukwaani kwa kushikwa mkono.

TANBIHI: Halafu chuo kitoe tuzo kwa waliofika jukwaani bila kuanguka.

JIBINI: Yenye kamba.

Chumvi alicheka kuliko sote, kicheko cha nguvu kupita kiasi. Kikombe chake kilishakuwa kitupu zamani, lakini kila mara alikuwa anakipeleka mdomoni.

MIMI: Mzee, Maren hajakualika?

CHUMVI: Kanialika Krismasi. Kanialika tena Jumapili, mezani, mbele ya mama yake.

MIMI: Sasa mbona uko hapa?

CHUMVI: Nakunywa kahawa.

TANBIHI: Kahawa ipi? Unakunywa upepo, Orville.

Akageuza kikombe.

CHUMVI: Mwaka jana nilifika mpaka mlangoni. Kuna meza pale. Binti akanipa kibandiko cha kubandika kifuani na kalamu. "Andika jina na idara yako." Idara! Nikasimama na kalamu mkononi kama nimeingia chumba cha mtihani. Nyuma yangu foleni. Nikajifanya nimesahau kitu kwenye gari.

JIBINI: Ungeandika Idara ya Magoti.

CHUMVI: Cheka tu. Na huyo mtoto mwenyewe siku hizi hatuna la kuzungumza. Zamani nilikuwa nampakia kwenye lori, anapiga honi mji mzima. Sasa akinipigia simu ananiuliza habari za chumvi. "Babu, pale daraja la Mtaa wa Kinu mlikuwa mnamwaga nyingi?" "Babu, mchanga mlianza lini kuchanganya?" Wajukuu wa wenzangu wanauliza umelala vipi, umekula nini.

TANBIHI: Hana la kusema nawe, maskini. Anatafuta mada ya kizee. Na jambo la pili, anakuonea huruma.

CHUMVI: Ndivyo nilivyoona. Nikienda mle nitamwaibisha, anaanza kunieleza polepole kama mtu anayemvusha mgonjwa barabara.

Hapo ndipo Jibini, kwa nia njema kabisa ya kubadili mazungumzo, akaharibu.

JIBINI: Bora ukae. Mle kuna watoto wanatia huruma. Kuna mmoja wamempanga nyuma kabisa, ubavuni mwa mlango wa choo. Wanaompita wote wana haraka zao, wakitoka wanakuwa wanafuta mikono. Karibu hakuna anayesimama. Mimi mwenyewe nilisimama kwa sababu ana kimeza, nikaweka sahani nifunge kiatu. Kavaa koti la sufu la kijani, mikono imempita vidole.

CHUMVI: Vifungo vya mbao?

JIBINI: Vya mbao.

CHUMVI: Hilo koti la Inga.

Inga alikuwa mke wake. Sote tulilijua koti lile. Tulilizoea kanisani miaka na miaka, na tuliliona likiwa limetundikwa ukumbini siku ya msiba. Jibini alimeza alichokuwa anatafuna bila kukimaliza.

JIBINI: Mzee wangu, naapa sikumtambua. Mara ya mwisho kumwona alikuwa na nyaya kwenye meno.

CHUMVI: Alikuwa peke yake?

JIBINI: Ee. Alinitabasamia. Alidhani nimekuja kumsikiliza.

Wakati huo mama mmoja akaja kutoka upande wa kituo cha basi, mfupi, miguuni buti za theluji zilizolowa, mkononi mfuko wenye viatu vyeusi vinavyong'aa. Akaomba nafasi abadili viatu. Tukasogea. Alisema anaitwa Mai Yer Vang, ametoka Saint Paul kwa basi, na mwanawe Tou yuko humo ndani na bango.

TANBIHI: Hongera mama. Kazi nzuri sana.

MAI YER: Asante. Wangu kachunguza mbu. Nusu ya anayoniambia siielewi, anasema haraka na kutupa mikono, lakini ni mbu. Nanyi mna mtoto humo?

Tukamwonyesha Chumvi kwa vidole, sote watatu, kama watoto waliovunja dirisha.

CHUMVI: Mjukuu. Maren.

MAI YER: Vizuri! Yeye kachunguza nini?

Chumvi akamtazama Tanbihi. Tanbihi, ambaye ana jambo la pili kwa kila kitu duniani, hakuwa hata na la kwanza. Mimi nilitazama paa. Jibini ndiye aliyekuwa amesimama mbele ya bango lenyewe akifunga kiatu, tukamgeukia.

JIBINI: Mimi nilikuwa naangalia sahani.

Mama wa watu hakutusema. Alifunga viatu vyake, akaziacha buti chini ya benchi letu kana kwamba ametuajiri, akaelekea mlangoni. Chumvi akasimama. Magoti yalilia, na sisi tukasimama nayo. Aibu ikiingia kwenye benchi moja, haimbagui mtu.

Mezani pale, kalamu na kibandiko vikatolewa. Jina na idara. Mai Yer akaandika "Mama wa Tou", akajibandika, akaenda zake kwa mbu wake. Chumvi akakitazama kibandiko hicho kikienda. Akaandika "Babu wa Maren" kwa herufi kubwa, akakibandika juu ya koti, akapita. Binti wa mezani akampa kalamu aliyefuata. Mwaka mzima mzee alikuwa akiogopa kibandiko hicho tu.

Tulimkuta Maren ubavuni mwa choo, ameinamisha kichwa, koti la Inga mabegani. Alipoona miguu imesimama akaanza bila kuinua macho.

MAREN: Asante kwa kufika kwenye bango langu, naitwa Maren Lindquist na leo nitakuelezeni jinsi...

Akaviona viatu. Akainua uso.

MAREN: Babu.

CHUMVI: Endelea. Usiruke kitu.

Akaendelea, sasa si kwa kukariri. Alikuwa amechunguza chumvi ya barabarani: theluji ikiyeyuka inakwenda wapi. Inakwenda kwenye Kijito cha Tamarack. Alipima maji kila wiki, vidole vikifa ganzi. Na chini ya daraja la Mtaa wa Kinu vyura hawapo tena. Katikati ya bango palikuwa na picha ya lori la rangi ya chungwa, na dirishani kichwa cha mtoto anayepiga honi.

CHUMVI: Lori langu hilo.

MAREN: Lako.

CHUMVI: Kwa hiyo aliyeua vyura ni mimi.

MAREN: Si peke yako, babu.

Jibini akaanza "kazi nzu..." nikamkanyaga.

CHUMVI: Sikubali. Pale darajani chumvi si yetu. Ni ya maegesho ya lile duka la magodoro. Wale walikuwa wanamwaga kama wanapanda mahindi!

MAREN: Nilipima na pale. Maji yao yanateremkia upande wa reli. Hayafiki darajani.

CHUMVI: Ulipima mwezi gani?

MAREN: Machi.

CHUMVI: Machi! Nani anapima Machi? Njoo Januari uone!

MAREN: Januari nayo nilipima, tazama hapa. Hebu bisha sasa!

Alikuwa anacheka, machozi yakimtoka. Chumvi akaona, akashusha sauti.

CHUMVI: Nimekuudhi?

MAREN: Babu, tangu asubuhi wachache waliosimama wananiambia kazi nzuri. Wote. Hakuna hata mmoja aliyenibishia. Nilikualika kwa sababu najua wewe hukubali kitu.

Basi kile alichohitaji tulikuwa nacho tele, tukikimwaga bure nje kwenye benchi. Tanbihi akavaa miwani, akasema kwanza vyura wa zamani nani aliwahesabu, na jambo la pili... Maren akamjibu la kwanza na la pili. Jibini akadai mchanga ndio mbaya zaidi. Mimi nikasema wa kulaumiwa ni magodoro, wala sikuwa na ushahidi. Chumvi akapiga meza. Watu waliokuwa wanatoka chooni wakaanza kusimama, mikono imelowa, wakauliza kuna nini, wakachagua upande. Kijana wa Lisbon mwenyewe akaja, akaweka kamba yake kando, akauliza swali la maana kabisa. Nilishangaa.

Mkuu wa chuo akatokea, koti lake limepatikana, kipande cha jibini kwenye kijiti.

MKUU WA CHUO: Kazi nzuri! Kazi nzuri sana!

CHUMVI: Asante. Kachunguza nini?

Mkuu akatabasamu. Akatutazama sisi, akalitazama bango, lakini mabega ya watu yalikuwa yameliziba. Kipande cha jibini kikaanguka kutoka kwenye kijiti. Nilimwonea huruma kidogo, kwa sababu muda mfupi tu uliopita nilikuwa nimekaa pale nje na uso kama ule ule.