Vioo vya Ukumbini

MENEJA: Haloo? Nani mwenzangu?

MHANDISI: Shemeji yako, niko huku juu ya paa na feni zangu za kutolea moshi. Habari za chini?

MENEJA: Si nzuri. Moshi wenu wa majaribio— [mkwaruzo] —umekaa tu ukumbini. Umejaa mpaka ghorofa ya tatu.

MHANDISI: Umekaa? Mkaribishe chai.

MENEJA: Usinitanie. Wenye jengo wako hapa, kesho tunafungua. Feni zinanguruma, kazi hakuna.

MHANDISI: Zinavuta vizuri tu. Yale matundu manne ya ukutani huko chini, ya kuingiza hewa safi, yamefunguka?

MENEJA: Matundu yapi?

MHANDISI: Shemeji, usiniambie—

MENEJA: Aa, yale! Yalileta vumbi. Tumeyafunika vioo. Vioo vya maana, mtu anajiona mzima mzima.

MHANDISI: Hongera. Siku ya moto watu watajiona wanavyokohoa.

MENEJA: Mdomo wako huo—

MHANDISI: Umewahi kunyonya chupa ya soda bila kuachia hewa iingie? Inatoka?

MENEJA: Haitoki.

MHANDISI: Basi jengo lako ndilo chupa.

MENEJA: Nimekuelewa. Ngoja niwatoe wakubwa nje kwanza, wanakohoa. [kishindo] Mlinzi, nani kafunga huu mlango?

MHANDISI: Haufunguki?

MENEJA: Tunasukuma wawili. Kufuli halipo. Labda umevimba.

MHANDISI: Mlango wa chuma umevimba. Umekula nini?

MENEJA: Shemeji!

MHANDISI: Feni zinatafuta hewa, zimekosa, sasa zinauvuta mlango wako. Mnashindana nguvu nazo. Pole.

MENEJA: Basi zizime—

MHANDISI: Leo naweza. Moshi wa leo ni wa mashine, hauui mtu. Dada yangu yuko wapi?

MENEJA: Mke wangu? Dukani kwake, anatundika nguo za kesho.

MHANDISI: Ghorofa ya ngapi?

MENEJA: Ya—

MHANDISI: Haloo? Mtandao, au ni wewe?

MENEJA: Ya tatu.

MHANDISI: Na mlango wake wa ngazi?

MENEJA: Ni kama huu. Vioo vyenyewe aliviomba yeye. Wateja wakishuka wajitazame na nguo zake.

MHANDISI: Mume mwema. Mpigie basi, mwambie ajaribu kutoka.

MENEJA: Sitaki kumsikia akisukuma. Zima, nakuomba.

MHANDISI: Nikizima utasahau. Ukiyazibua matundu, moshi utapanda.

MENEJA: Mlinzi, lete nyundo. Ndiyo, nyundo!

MHANDISI: Taratibu, wenye jengo wanakutazama.

MENEJA: Wajitazame wenyewe, vioo si hivyo. Rudini nyuma! [vioo vinavunjika] Cha pili, mlinzi. [vioo tena]

MHANDISI: Shemeji? Salio langu linaisha. Shemeji!

MENEJA: Unapanda... Moshi unapanda. Mlango nao umeachia, mlinzi kaenda nao mpaka nje.

MHANDISI: Nauona, unanipita usoni. Sasa mpigie dada, mwambie asukume wa kwake.

MENEJA: Simpigii mtu.

MHANDISI: Sasa utajuaje kama—

MENEJA: Niko ngazini, nakwenda kuuvuta mwenyewe. Usizime, shemeji, usizi—

MHANDISI: Sizimi. Haloo? Shemeji, umefungu— [simu inakatika]