Hajati Nusifa Nambozo na Barabara ya Mgeni

Ndugu na majirani, mliosimama nyuma sogeeni. Marehemu hakupenda mtu asikie nusu ya maneno. Alisema nusu ya maneno ndiyo iliyomleta Wasike Nakaloke. Wanaoijua habari hiyo wameshaanza kucheka. Wengine vumilieni, tutafika.

Hajati Nusifa Nambozo alizaliwa hapa hapa Nakaloke tarehe 14 Machi 1958, binti wa Mzee Asumani Mafabi, muuza nguo sokoni. Alichelewa kuzaliwa. Mama yetu alisema alikuwa humo ndani anasikiliza kwanza wakubwa wanaongea nini.

Alisoma shule ya msingi hapa, sekondari Mbale mjini, na mwaka 1977 akaenda Jinja kusomea ukunga. Alihitimu 1980, akapelekwa kwenye kituo cha afya Masese, jirani na mwalo wa samaki.

Siku za mwanzo kazi ilimtoa jasho. Yeye alikulia Kiswahili cha nyumbani na msikitini, lakini miaka ile watu wengi walikijua kama lugha ya askari wenye bunduki. Alipomwambia mjamzito mmoja, "Lala chali, mama, nikupime," yule mama alishika viatu mkononi akatoka mbio. Nusifa akamfuata, gauni jeupe linapepea, akiita kwa Lusoga cha kuokoteza, lugha ya wenyeji. Wauza samaki walicheka mpaka wakasahau wateja. Akajifunza Lusoga barabara, na kila kipimo akakitanguliza kwa salamu ndefu.

Kilichomkosesha raha zaidi ni kwamba wanawake walificha mimba changa, wakiogopa midomo ya watu. Walikuja tumbo limeshakuwa kubwa, damu imepungua, miguu imevimba, na msaada umechelewa. Basi akawatungia barabara. Mimba akaiita mgeni, naye mgeni anasafiri kutoka Jinja kwenda Mbale. Akiwa Iganga, kichefuchefu. Njoo uchukue vidonge vya damu na chandarua. Namutumba, anaanza kucheza. Tirinyi, pima presha, andaa nguo zake. Mbale, anazaliwa. Na akipita Mbale akaingia Nakaloke, amepitiliza siku zake. Hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Mama aliweza kusema mbele ya watu, "Musawo," yaani daktari, "mgeni yuko Iganga," na wenye midomo wasipate la kusema.

Mwaka 2005 Adero, mke wa dereva Wasike wa kutoka Kenya, alipitiliza na presha ikapanda. Wasike alikuwa njiani na gari. Adero akamwandikia kwenye simu: "Mgeni amefika Nakaloke. Njoo haraka." Wasike, aliyekuwa anamtazamia mama mkwe, akakata kona Tororo, akaja mpaka soko hili. Baadaye akapiga simu.

"Adero, nimezunguka soko yote, mgeni simwoni! Hata kuku yake nimeshanunua!"

Simu ilishikwa na Nusifa. "Bwana Wasike, mgeni yuko tumboni kwa mkeo."

"Sasa, Sista, Nakaloke alifika namna gani?"

"Geuza gari, mwanangu. Utaelezwa ukifika."

Nusifa hakumngoja. Alimpakia Adero kwenye bodaboda, akakaa nyuma yake amemkumbatia, wakaenda hospitali polepole. Mtoto alizaliwa salama, msichana, na kuku akaliwa. Mpaka leo binti huyo anaitwa Nakaloke. Yuko hapa na baba yake, ambaye safari hii hakupotea. Tangu hapo hakuna mjamzito aliyemaliza kliniki ya Nusifa bila kumleta mume afundishwe barabara.

Mwaka 1984 aliolewa na Isiko, fundi cherehani wa Jinja. Alimshonea sare, akakosea kiuno mara kadhaa ili arudi kupimwa. "Fundi," Nusifa akamwambia, "mimi ndiye ninayepima watu. Sema unachotaka." Akasema.

Alistaafu 2018, wakahamia Mbale, naye akawa anawafundisha wajawazito wa Busiu, nje ya mji. Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Hivi karibuni madaktari walipotaka kumpeleka mbali zaidi, alimshika mkono bintiye mkubwa. "Rashida, mimi nimefika Mbale. Usinipitishe." Rashida alilia, kisha akacheka, kisha akamrudisha nyumbani. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, mchana, mumewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mume, Mzee Isiko, watoto Rashida, Nasif na Zahara, wajukuu saba, mdogo wake Hamza Mafabi, anayewasomea haya, na wageni wote aliowapokea, ambao wengine leo wamebeba jeneza lake.

Alituomba tusimpitishe Mbale. Lakini kwao ni hapa, tumempitisha kidogo, atatusamehe. Hajati amefika Nakaloke, na leo hakuna haja ya kukimbia. Mwenyezi Mungu ampokee mgeni wake. Apumzike kwa amani.