Kinyago Kinachocheka

Fundi Saa alijitapa kwamba hakuna duniani anayemshinda kujifanya amelala kwenye treni. Asubuhi ile alifumba macho asije akaombwa kiti, masikio akayaacha kazini.

Mbele yake mshonaji mmoja alifunga riwaya ya picha huku akipenga kamasi. “Baba wa watu kavaa kinyago kinachocheka kitabu kizima, mpaka anakufa. Binti anapomvua, anakuta ndani kimelowa machozi chapachapa!”

“Basi alimdanganya mwanawe,” akadakia muuguzi aliyekaa naye, wala hawajuani.

“Alimkinga, dada’angu! Baba yangu alipoachishwa kazi, miezi minane alitoka nyumbani na sare imepigwa pasi, ili nifanye mtihani kwa utulivu. Nilimwona bustanini anakula peke yake, nikanyamaza. Leo naenda kumwambia asante.”

“Ukimwambia ulijua, si umemvua kinyago? Mwachie mzee heshima yake.”

“Na akifa bila kushukuriwa, kama huyu wa kitabuni?”

Fundi Saa akamkumbuka mama yake, ambaye chakula kikipungua husema ameshiba.

Treni ikasimama. Wale wawili wakashuka bado wanabishana, na viti vyao vikawahiwa papo hapo. Mzee aliyekuwa amesimama na mkongojo wake akamgusa Fundi Saa bega.

“Mjukuu wangu, kituo chako cha kila siku tumekipita. Ulifumbua jicho moja, ukakitazama, ukalifumba tena. Sasa pangusa hilo chozi, unipishe nikae.”