Bwana Apolinary Rwegoshora na Herufi Zinazocheka

Jumamosi hii, tarehe 29 Septemba 1956, Bwana Apolinary Rwegoshora anaweka brashi chini baada ya miaka ishirini na tisa ya kuandika vibao katika Karakana ya Hatibu hapa Kituntu. Mimi Melkiory, seremala, ndiye niliyempigia randa mbao zake karibu zote, na kwa sababu hiyo nimepewa kazi ya kueleza habari zake katika hafla hii ya kumuaga. Mwandiko wangu haufai, kwa hiyo mshukuruni aliyepiga taipu.

Alifika 1927 kutoka Bugomora, mkononi ana brashi ya manyoya ya mbuzi aliyoifunga mwenyewe. Siku hizo vibao vyetu vyote vilikuwa vya herufi za mraba, zimepimwa kwa rula, zimesimama wima kama askari kwenye gwaride. Yeye aliomba ubao mmoja tu. Akaandika "Chai na Mandazi" kwa ajili ya hoteli ya Bi Mwanamisi, bila rula wala penseli. Herufi ziliinama kidogo, zikapanda na kushuka kama mtu anayetoka arusini na lubisi yake, pombe ya ndizi, tumboni, na hakuna A iliyofanana na mwenzake. Bi Mwanamisi, aliyesoma herufi za Kiarabu peke yake, alitabasamu kabla hajasomewa.

Basi ikawa balaa ya heri. Kila mwenye hoteli, kuanzia hapa hadi Murongo, alitaka mkono ule ule. Wasafiri wengi hawakujua kusoma, lakini sura ya herufi waliijua vizuri: zinapocheza, pana chai. Naye Bwana Apolinary alikuwa mkali kwa mambo mawili. Maneno yawe machache, na yawe makubwa. Muuza vitambaa mmoja alipotaka aina zote za nguo zake ziandikwe kwa mkono ule, aliambiwa wateja wake watapata kizunguzungu kabla hawajafika mlangoni.

Mwaka 1938 wapiga makasia wa Murongo waliomba kibao cha kuonya watu, maana mamba walikuwa wamezidi kando ya Mto Kagera. Bwana Apolinary, kwa mazoea na kwa moyo mweupe, akaandika "Hatari Mamba" kwa rangi nyekundu, herufi zikicheza, na ile A ya mwisho akaivutia mkia mzuri. Karakana nzima tulikisifia.

Wiki haikuisha. Binti mmoja aitwaye Kokuberwa alikuwa akitoka sokoni na kikapu cha senene, koo limemkauka. Aliona herufi zile kwa mbali, akafurahi, akateremka mtoni kutafuta hoteli. Mamba aliondoka na kikapu, na kidogo aondoke na mwenye kikapu. Kovu liko kwenye shavu la mguu wake hadi leo.

Alipopona alikuja Kituntu akichechemea. Aliamkia kwanza, kwa adabu zote. "Shikamoo, baba." Kisha akauliza, "Wewe ukiandika hatari, mbona inacheka?"

Kesho yake Bwana Apolinary alikwenda Murongo mwenyewe na kibao kipya cha herufi za mraba, nyeusi juu ya nyeupe. Tangu siku hiyo kila mteja aliulizwa swali moja: "Watu waje, au wakae mbali?" Swali zuri sana, ila jibu lolote ulilotoa, uliandikiwa herufi za mraba. Ule mkono wake aliufungia. Wenye hoteli walibembeleza, Bwana Hatibu alibembeleza, mimi nilinuna. Kazi zake za miaka hiyo ni safi, zimenyooka, na kivukoni hajaumia mtu tena kwa kosa la kibao. Lakini sisi tuliomjua tulihuzunika. Mwaka huu ulipoanza, tulijua kwamba anastaafu, na tuliogopa mkono ule utaondoka bila kuonekana tena.

Mwezi wa sita alikuja mama mmoja mnene, mcheshi, akitembea kwa kuvuta mguu kidogo. Ni Kokuberwa. Amefungua hoteli Murongo, juu kabisa, mbali na maji, na alitaka kibao cha herufi zile zilizomdanganya. Bwana Apolinary alikataa. Akamnyooshea kidole mguu ule wenye kovu, kana kwamba mama yule alikuwa ameusahau.

Mama akavuta kigoda, akaketi. "Baba, kibao chako kiliniahidi chai," alisema. "Miaka yote hii sijaiona. Sasa nimeipika mwenyewe. Kiandike tena, kiseme kweli."

Nilimpigia ubao randa haraka, kabla hajabadili nia. Mkono ulikwenda polepole kwenye C, ukafunguka kwenye H, na ulipofika kwenye A ulikuwa umesharudi nyumbani. Bwana Hatibu alitoka nje. Alisema rangi imemwingia machoni.

Chai mnayokunywa leo imepikwa na Mama Kokuberwa.

Bwana Apolinary, asante kwa kila ubao. Tunakuombea afya, macho makavu na migomba inayozaa. Ukifika Bugomora, tundika kibao langoni kwako, ukiandike kwa mkono ule unaocheka. Tukikiona kwa mbali tutajua kwamba tuje.